UZI: Ati Marekani ya zamani haikuwa na sheria za bunduki?

1/ Leo tuingie kwenye hoja moja ambayo mjadala wa silaha ukiwaka hapa nchini, lazima mtu ailete. Ng'ombe wameibwa, watu wameuawa, au risasi zimelia kwenye maandamano, na kabla jioni haijafika kuna mtu ameandika: "Angalieni Marekani! Waanzilishi wao walimwachia kila raia bunduki yake, bila leseni, bila sheria, ndio maana serikali inawaheshimu." Mwingine anajibu: "Na ndio maana wanauana kila siku." Halafu matusi yanaanza. Kama kawaida ya ukurasa huu, sitaji chama wala mwanasiasa. Tunaangalia ile hoja yenyewe. Je, ni kweli?

2/ Kwanza nikiri. Mimi mwenyewe niliwahi kuiandika hapa. Nilimjibu mtu kwa kujiamini kabisa kwamba Marekani ilianza bila sheria yoyote ya bunduki, na kwamba sheria hizo ni mambo ya juzi. Watu wakapenda, wakasambaza. Kisha mwalimu mmoja mstaafu wa historia akaniandikia faraghani: "Kijana, hiyo umeisoma wapi?" Nikamwamkia, nikatafuta jibu, nikakosa. Sikuwa nimeisoma popote, nilikuwa nimeisikia tu. Akaniambia, "Basi nenda ukasome, halafu urudi uwaambie wale uliowaambia." Uzi huu ndio kurudi kwangu. Ni mrefu kidogo, chukua chai.

3/ Tupange miaka kwanza. Makoloni 13 yalitangaza uhuru kutoka kwa Uingereza mwaka 1776. Katiba iliandikwa 1787. Yale Marekebisho ya Pili ambayo kila mtu huyataja yalipitishwa 1791. Ni sentensi moja tu: inataja umuhimu wa mgambo uliopangwa vizuri kwa usalama wa nchi huru, kisha inasema haki ya watu kumiliki na kubeba silaha isiingiliwe. Sentensi hiyo imezua kesi na vitabu visivyohesabika. Lakini watu wengi huisoma kana kwamba ilishuka kwenye nchi tupu. Haikuwa tupu. Miji na majimbo yalikuwa na sheria za silaha kabla yake, na yaliendelea kuzitunga baada yake.

4/ Jambo lingine ambalo sikulijua: kwa miaka mingi Marekebisho ya Pili yalihesabiwa kuwa yanaifunga serikali ya kitaifa peke yake. Mwaka 1833 Mahakama ya Juu ilisema waziwazi kwamba orodha ile ya haki haikuandikwa kuyabana majimbo. Majimbo yalikuwa na katiba zao, mengine yakiwa na kipengele chake cha silaha, mengine hayana. Kwa hivyo ukitaka kujua raia wa kawaida wa Boston au Virginia aliruhusiwa nini na bunduki yake, usitazame Washington. Tazama bunge la jimbo lake na baraza la mji wake. Huko ndiko kazi yote ilikofanyika.

5/ Tuanze na baruti. Bunduki ya wakati ule ilikuwa gobore. Unamimina baruti nyeusi kwenye mtutu, unatia risasi ya duara, unashindilia kwa fimbo, ndipo ufyatue. Kwa hivyo mwenye bunduki alikuwa pia na baruti ndani ya nyumba. Na nyumba zenyewe? Mbao tupu, zimebanana, taa ni mshumaa, jiko ni la kuni. Machi 1760 moto uliteketeza majengo 349 mjini Boston. Hebu waza wewe ndiye jirani unayekimbia na ndoo ya maji kuuzima, na hujui nyumba ile inayowaka ina nini chini ya kitanda.

6/ Ndio maana mwaka 1783, vita vya uhuru vikiwa vinakaribia kuisha, Massachusetts ilipitisha sheria kwa ajili ya mji wa Boston: ni marufuku kuingiza katika nyumba ya kuishi, zizi, ghala, duka au jengo lolote lingine la mji silaha iliyoshindiliwa baruti. Ilitaja mizinga, na ilitaja bunduki za kawaida. Faini pauni 10, na silaha yenyewe unanyang'anywa. Sababu iliandikwa humohumo: silaha zilizojazwa zinahatarisha maisha ya watu wanaojitolea kuzima moto. Hawa ndio walewale waliopigana na Mwingereza miaka minane kwa bunduki. Hawakuona mgongano wowote.

7/ New York nayo, mwaka 1784: ndani ya jiji usiweke zaidi ya ratili 28 za baruti mahali pamoja, yaani kama kilo 12 na nusu hivi. Na hizo ratili 28 usizirundike. Zigawe katika mitungi minne ya udongo mgumu au mikebe minne ya bati, kila mmoja usizidi ratili 7. Inayozidi ipeleke kwenye ghala la umma la baruti. Kule Carlisle, Pennsylvania, sheria ya 1782 iliyoupa mji hadhi ya manispaa iliagiza baruti ya nyumbani iwekwe orofa ya juu kabisa. Ukifikiria, ina maana: ikilipuka juu, inaondoka na paa. Ikilipuka chini, inaondoka na familia.

8/ Na kufyatua je? Pennsylvania, tangu 1721, ukipiga bunduki ndani ya Philadelphia bila ruhusa maalum ya gavana, faini shilingi 5, na usipolipa unaenda jela siku mbili. New York mwanzoni mwa miaka ya 1770 ilipiga marufuku kufyatua bunduki majumbani na uani katika mkesha wa mwaka mpya na siku mbili za kwanza za Januari. Kisa? Watu walikuwa wakizunguka nyumba hadi nyumba na bunduki, wengi wamelewa, wakifanya uharibifu. Sisi na fataki zetu za Desemba tusijione wa kwanza. New Jersey nayo mwaka 1771 ilikataza kutega bunduki porini, ile ya kujifyatua yenyewe mnyama akigusa kamba. Maana aliyegusa kamba mara nyingine alikuwa mtu.

9/ Hapa najua kuna mtu ameshaanza kuandika: "Lakini hizo ni sheria za moto, si sheria za bunduki!" Hoja nzuri, na ina uzito. Mwaka 2008 majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani walibishana juu ya hilohilo. Kesi ilihusu jiji la Washington, lililokuwa limepiga marufuku bastola nyumbani. Majaji wachache waliishika sheria ya Boston ya 1783 wakasema: mnaona, hata wakati wa waanzilishi mji uliweza kuzuia bunduki iliyojazwa ndani ya nyumba. Majaji wengi wakajibu: ile ilikuwa hofu ya moto, na hatuwezi kuijenga tafsiri yetu juu ya sheria moja ya mji mmoja. Kura zikawa tano kwa nne.

10/ Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na kipande cha ukweli. Ni kweli Boston haikutaka kumaliza bunduki. Mtu angeweza kuwa nayo, na watu walikuwa nazo tele. Lakini pia ni kweli kwamba mji ulijiona una mamlaka ya kuingia hadi mlangoni mwako na kukuambia bunduki yako ikae vipi, kwa sababu ya jirani. Mwaka 1827 Mahakama ya Juu, katika kesi ambayo haikuhusu silaha hata kidogo, ilitaja uwezo wa jimbo kuamuru baruti iondolewe mahali kama mfano wa mamlaka ya usalama ambayo hakuna anayebisha kuwa ni ya majimbo. Yaani lilikuwa jambo la kawaida kiasi hicho.

11/ Sasa sikia hii iliyonishangaza zaidi. Watu husema "serikali haikujua nani ana bunduki." Mwaka 1792 bunge la kitaifa lilipitisha sheria ya mgambo: kila mwanamume mzungu aliye huru, mwenye afya, wa miaka 18 hadi 45, aandikishwe, na ndani ya miezi sita ajinunulie bunduki kwa pesa yake, pamoja na singe na risasi zisizopungua 24 zilizofungwa na baruti yake. Anafika siku ya gwaride na silaha inakaguliwa. Maafisa waliweka orodha. Sheria ilisema pia silaha hiyo haiwezi kukamatwa kwa ajili ya deni. Kwa hivyo bunduki ilikuwa haki, sawa, lakini ilikuwa pia wajibu, kama kodi. Serikali ilikuwa inakuhesabu ukiwa umeishika.

12/ Hata kiwanda kilikaguliwa. Massachusetts, mwaka 1805, iliteua wakaguzi wa mitutu. Bunduki iliyotengenezwa jimboni haikutakiwa kuuzwa kabla mtutu wake haujajaribiwa kwa baruti na kupigwa muhuri: herufi P, mwaka, na herufi za jina la mkaguzi. Sababu ni rahisi: mtutu mbovu hupasukia usoni mwa mnunuzi. Pennsylvania nayo ilikuwa na ukaguzi wa baruti yenyewe katika miaka ya 1790. Tungekuwa leo tungesema ni alama ya ubora, kama ile unayotafuta kwenye pakiti ya unga.

13/ Tutoke nje ya nyumba sasa. Kubeba silaha hadharani. Uingereza ilikuwa na sheria ya mwaka 1328, naam, 1328, ya kukataza watu kutembea na silaha sokoni na kwenye magulio kwa namna ya kutia hofu. Virginia iliichukua ikaiandika upya mwaka 1786: asitembee mtu wala kupanda farasi na silaha, usiku au mchana, katika masoko, kwa kuwatisha watu wa nchi. Massachusetts ikafanya jambo kama hilo 1795. Wanahistoria hubishana mpaka leo: je, kosa lilikuwa kubeba tu, au kubeba kwa kutisha? Maneno "kwa kutisha" yamo, na hayawezi kufutwa. Lakini hata sheria nayo imo.

14/ Mwaka 1836 Massachusetts iliweka njia ya katikati ambayo majimbo mengine yaliiga. Ukitembea na bastola au kisu bila sababu ya msingi ya kuogopa kushambuliwa, na mtu akaenda kulalamika kwamba anakuogopa, hakimu angeweza kukuambia utafute wadhamini: weka dhamana ya kutunza amani. Ukivunja amani, pesa inaenda. Hufungwi kwa kubeba, lakini hofu ya mwenzako imepewa mlango wa kubisha. Ikumbuke hii dhamana, tutairudia chini.

15/ Kisha silaha za kufichwa. Mwaka 1813 Kentucky na Louisiana zilipiga marufuku kubeba silaha chini ya nguo. Indiana ikafuata 1820, ikawaachia wasafiri. Mawazo ya wakati ule yalikuwa kwamba mtu mwema hubeba wazi, na anayeficha ana lake jambo. Haya majimbo si ya waoga wa bunduki, ni kusini na magharibi mwa nchi ya wakati ule, kwenye ugomvi wa vilabuni na duwelo. Alabama mwaka 1837 iliweka kodi ya dola 100 kwa kila kisu cha Bowie kinachouzwa au kutolewa. Dola 100 za 1837! Hiyo si kodi, ni mlango uliofungwa kwa adabu.

16/ Lakini mahakama hazikukubali kila kitu, na hili wenzetu wa upande wa "piga marufuku" hupenda kuliruka. Kentucky mwaka 1822 mahakama yake ya juu ilifuta ile sheria ya 1813, ikisema inakiuka katiba ya jimbo. Watu walipoandika katiba mpya mwaka 1850 wakaongeza maneno kwamba bunge linaweza kuzuia silaha za kufichwa. Georgia ilipitisha sheria kali mwaka 1837 dhidi ya bastola na visu. Mwaka 1846 mahakama ikaigawa: kuzuia kuficha, sawa, kuzuia kubeba waziwazi, hapana. Kwa hivyo ubishi wenyewe si wa jana. Umri wake unakaribia umri wa nchi.

17/ Mpaka hapa ungesema, basi, hadithi nzuri ya watu wenye busara: moto, walevi, visu. Mimi nilitaka kumwandikia mwalimu hapohapo, nimalize. Kisha nikafika kwenye neno "nani", nikakaa chini.

18/ Virginia, mwaka 1640: watu wote wawe na silaha na risasi, isipokuwa Weusi. Virginia, 1680: Mweusi asibebe bunduki, upanga, rungu wala fimbo, wala asitoke shambani kwa bwana wake bila cheti, adhabu viboko ishirini mgongoni. Na usidhani ni watumwa peke yao. Virginia, 1806: hata Mweusi aliye huru lazima aende mahakamani kuomba leseni ya bunduki. Mwaka 1831 watumwa waliasi kusini mwa jimbo hilo, na mwaka 1832 hata mlango huo wa leseni ukafungwa. Maryland, 1806, ilimtaka Mweusi huru awe na kibali cha bunduki, na pia kibali cha mbwa. Mbwa, jamani.

19/ Tennessee ndiyo iliyonikaa kichwani. Katiba yake ya 1796 ilisema watu huru wa jimbo wana haki ya silaha kwa ulinzi wa pamoja. Mwaka 1834 wakaifungua katiba, wakaongeza neno moja tu: watu huru weupe. Hakuna bunduki iliyobadilika, hakuna baruti iliyopungua ukali. Kilichobadilika ni nani anahesabiwa kuwa mtu. Na mwaka 1857, Mahakama ya Juu ilipokataa kwamba Mweusi anaweza kuwa raia, moja ya sababu zilizoandikwa kwenye uamuzi ni hii: angekuwa raia, angekuwa na haki ya kumiliki na kubeba silaha popote aendapo. Waliona wazi haki hiyo ina uzito gani. Ndiyo maana walimnyima.

20/ Na si rangi tu. Makoloni mengi yalikataza kuwauzia bunduki na baruti wenyeji asilia wa nchi, walewale ambao ardhi yao ilikuwa inachukuliwa. Pennsylvania mwaka 1777, vita vikiwa vimepamba moto, ilitaka kila mwanamume mzungu wa zaidi ya miaka 18 aape utii kwa serikali mpya. Aliyekataa alinyang'anywa silaha. Wengi waliokataa hawakuwa wasaliti. Kulikuwa na watu wa madhehebu ambayo dini yao inakataza kula kiapo chochote, na wengine kati yao hawakutaka hata kushika bunduki ya vita.

21/ Kinachouma ni kwamba watu hao walijua kabisa kunyang'anywa kunavyohisi. Aprili 1775 askari wa mfalme walitoka Boston kwenda Concord kutwaa silaha na vifaa vya vita, na hapo ndipo vita vilipoanza. Siku chache baadaye watu wa Boston waliambiwa: leteni bunduki zenu, mtaruhusiwa kutoka mjini. Wakaleta bunduki 1,778 na bastola 634. Kisha ruhusa ya kutoka ikaanza kuwekewa vikwazo. Usaliti huo waliukumbuka, na wajukuu zao wakausimulia. Kwa hivyo anayesema Marekebisho ya Pili yalizaliwa na hofu ya serikali dhalimu hasemi uongo. Ila mkono uliopokonywa Boston ulikuwa tayari unapokonya kwingine.

22/ "Sawa, lakini haya ya kale yanatusaidia nini leo?" Sikia. Mwaka 2022, katika kesi iliyotoka New York, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba serikali ikitaka kutetea sheria ya silaha, lazima ionyeshe inalingana na desturi ya kihistoria ya nchi. Tangu hapo, mawakili na majaji wanachimba makabrasha ya 1328, 1783, 1836. Kile ambacho mimi nilikiita mambo ya maktaba sasa kinaamua nani anaruhusiwa kuwa na bastola usiku huu.

23/ Mwaka 2024 ikaja kesi ya Texas. Mwanamume alikuwa na amri ya mahakama ya kumzuia kumkaribia mwanamke aliyezaa naye, baada ya kumfanyia vurugu. Sheria ya kitaifa inasema mtu wa namna hiyo asiwe na bunduki amri ikiwa bado ipo. Je, kuna desturi ya kale ya hivyo? Hakukuwa na sheria ya 1791 inayomlinda mke dhidi ya mume kwa namna hiyo. Majaji wanane dhidi ya mmoja walijibu kwamba huhitaji pacha wa kihistoria. Walizishika zile sheria za dhamana na zile za kutembea na silaha kwa kutisha, wakasema kanuni iko wazi: anayethibitika kuwa tishio kwa mwenzake anaweza kunyang'anywa silaha kwa muda. Ile dhamana ya 1836 ikasimama kati ya mwanamke na risasi.

24/ Lakini upande wa pili wa sarafu upo. Katika kesi nyingine, mawakili wa serikali wamelazimika kutaja mbele ya majaji zile sheria za kunyang'anya silaha watumwa, wenyeji asilia na waliokataa kiapo, kama ushahidi kwamba "desturi ipo." Fikiria unatetea sheria nzuri kwa kushika mkono wa sheria ya Virginia ya 1680. Ukiitupa, unapoteza ushahidi. Ukiitumia, unaipa heshima. Mimi sina jibu rahisi la hilo, na sidhani majaji wanalo.

25/ Turudi nyumbani kidogo, kwa sababu neno "nani" lilivuka bahari pia. Hapa Kenya chini ya mkoloni, mlowezi alitembea na bastola kiunoni huku Mwafrika akikamatwa kwa risasi moja mfukoni. Wakati wa hali ya hatari, kupatikana na silaha bila kibali kulikuwa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi hakunyongwa kwa kosa la uasi. Karatasi za kesi zinasema bastola na risasi. Sheria ya silaha iliandikwa kama sheria ya usalama, na kila mtu alijua inamhusu nani. Leo Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka raia yeyote awe na cheti. Swali la kuuliza bado ni lilelile: cheti hicho kinapatikana kwa nani, na nani anakataliwa bila kuelezwa?

26/ Kwa hivyo mkikutana na hoja hii kwenye mjadala, haya ndiyo niliyotoka nayo. Anayesema "Marekani ya waanzilishi haikuwa na sheria za bunduki" amekosea, kama nilivyokosea mimi. Zilikuwepo, nyingi, za mji kwa mji. Anayesema "waanzilishi wangepiga marufuku bunduki" amekosea pia. Bunduki ilikuwa kila mahali na wengine walilazimishwa kuwa nayo. Walichobishania ni wapi, lini, kiasi gani cha baruti, na kwa kumtisha nani. Mambo hayo yanajadilika. Lile la nani, hawakulijadili sana. Walikubaliana kimyakimya, na ndilo lililoacha kidonda.

27/ Kwa hivyo mtu akikuletea sheria ya silaha, iwe ya kukaza au ya kulegeza, muulize maswali mawili kabla ya kupiga makofi. La kwanza: inazuia madhara gani hasa? Boston iliweza kujibu kwa sentensi moja, kwamba wazima moto wasilipuliwe. La pili: itakapofika kijijini, itamgusa nani kwanza? Akijibu la kwanza vizuri na kulikwepa la pili, endelea kumuuliza.

28/ Jana nilimtumia mwalimu rasimu ya uzi huu. Akajibu baada ya masaa matatu: "Nimesoma. Umerudi vizuri. Ila ile ya kwanza bado iko ukurasani kwako, na watu bado wanaisambaza." Ni kweli. Nimeifuta leo asubuhi, na nimeandika hapo juu kwamba nilikosea. Kama ulikuwa umeituma kwenye kundi la familia, tafadhali tuma na hii. Maswali yalete hapa chini, bila matusi, na ukijua jambo nililolikosea, niambie umelisoma wapi.